Mfalme Nyuma ya Pazia

Kaka yangu ni fundi viatu, na kama kiatu chako kimeachama usimpelekee siku aliyonuna. Atakishona, tena vizuri, lakini utasikia maneno. Siku hizi maneno yenyewe anayanong'ona, kwa hiyo inabidi kwanza umwinamie ndipo utukanwe sawasawa. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka la vyombo: bati juu, kigoda, msharasi wa kutobolea ngozi, kopo la gundi ambalo halijawahi kufungwa vizuri tangu linunuliwe, na rundo la viatu ambavyo wenyewe wamekwisha visahau. Mimi ni mdogo wake wa kumfuata. Mimi na mume wangu, fundi baiskeli, tunaishi ua mmoja na kaka na mkewe, na chumba chetu na chao vinagawana ukuta. Kwa hiyo haya ninayosema sikuyaokota njiani.

Watu walimwita Mfalme, na si kwa kejeli. Kijiji chetu kila mwaka hufanya tamasha kwenye uwanja wa mpira. Kuna bembea, mbio za magunia, wauza karanga, wauza miwani ya plastiki, na jua likishapunguza ukali, kuna mchezo wetu. Ni mchezo wa zamani na hakuna aliyewahi kuuandika. Mfalme mwenye majivuno anamdharau mkewe mbele za wageni. Mke anafunga mizigo yake, anarudi kwa baba yake, na Mfalme anabaki na ufalme wote ila hana mtu wa kumwambia kwamba joho amelivaa kinyume. Basi anaenda kumbembeleza mlangoni.

Hapo mlangoni ndipo watu wanapopangojea. Mke anakataa, na uwanja mzima unapiga kelele, "Usirudi!" Mfalme lazima aseme mpaka wale wale waliokuwa wanapiga kelele walainike wenyewe, wageuke, waseme, "Rudi!" Asipowalainisha, mchezo hauishi. Kabla ya kaka kulikuwa na mfalme mmoja, muuza mkaa, alibembeleza mpaka mvua ikanyesha watu wakakimbia. Mke hakurudi. Mpaka leo yule mzee akipita, watu humwambia usirudi.

Maneno ya mlangoni hayafundishwi. Kila anayekuwa mfalme huja na yake. Kaka alipata yake akiwa kijana, wifi naye alikuwa msichana tu wa kwenye mashine ya kusaga, amepewa nafasi ya mke wa Mfalme kwa sababu aliweza kusikika juu ya kelele za mashine. Mlango wenyewe ni fremu ya mbao isiyo na ukuta. Kaka alisimama mbele ya ile fremu akamwambia yule msichana mambo ambayo mama yetu, Mungu amrehemu, aliuliza ameyajifunzia wapi, maana si nyumbani kwake. Watu walisema "Rudi!" kabla hajafika nusu. Hata mwaka haukugeuka, akamuoa.

Mimi nilisema mapema kwamba huyu binti anaolewa na ule mlango, na hakuna aliyenisikiliza. Maana kaka nyumbani ni mtu wa "chumvi iko wapi" na "nani kahamisha ndoo yangu". Si mkorofi. Hajawahi kumwinulia mkono. Lakini ukuta wetu ni mwembamba, nami miaka yote hiyo sijawahi kusikia kutoka upande wa pili neno hata moja la mlangoni. Neno zuri lilikuwa linangoja tamasha, na wifi naye alikuwa analingoja. Asubuhi ya tamasha alikuwa akioga mapema kuliko watu wote, akija kwangu nimpake rangi usoni anaimbaimba.

Halafu koo la kaka likaharibika. Kwanza sauti ilikwaruza, tukadhani ni vumbi la ngozi. Ikaendelea, akaenda hospitali, wakamtoa uvimbe, wakamwambia ashukuru. Akarudi na mnong'ono. Hiyo ndiyo sauti aliyobaki nayo, na ukikaa naye karibu unamsikia vizuri kabisa, lakini ukienda hatua chache unaona mdomo tu unacheza. Na mfalme hawezi kunong'ona kwenye uwanja wa mpira.

Anayeuongoza mchezo wetu ni mkunga wa kijiji, mama mzito wa maneno machache, ambaye amewapokea duniani nusu ya wachezaji wake na kwa hiyo hakuna anayembishia. Kawaida yetu ni kwamba mtu akiacha nafasi, anamkabidhi maneno yake yule anayeipokea, halafu anakaa nyuma ya pazia kumkumbusha. Mkunga alimjia kaka kibandani, akakaa juu ya rundo la viatu, akamwambia mfalme mpya ni kinyozi.

Kinyozi! Ngoja nikwambie habari za huyu bwana. Alikuja kijijini miaka michache tu iliyopita na kioo kikubwa na chupa za manukato. Chumba chake cha kunyolea kinatazamana na mashine ya kusaga, mlango kwa mlango. Hana mke. Ana shingo ndefu, meno yote, na sauti inayofika mpaka ng'ambo ya uwanja bila yeye kujikaza. Kichwani sasa, hamna kitu kinachokaa. Ukimwambia jambo asubuhi, mchana unamwambia upya. Kwa hiyo akawa mfalme wa kukumbushwa kila neno: kaka anong'one nyuma ya pazia, yeye alipaaze mbele ya watu. Tena alilipaaza lolote lililotoka huko. Siku ya kwanza ya mazoezi kaka alimnong'oneza, "Subiri, si hapo," naye akanyoosha mkono kwa wifi, akatamka kwa sauti ya kifalme, "Subiri, si hapo." Tulicheka mpaka Mkunga akatafuta pa kukaa.

Kaka hakucheka. Yale maneno aliyokuwa anamtilia yule bwana mdomoni ni maneno aliyomwolea mkewe. Wewe fikiria.

Na kijiji hakina huruma. Haikupita muda kinyozi naye akaanza kuitwa Mfalme. Mwanamke mmoja alileta kandambili zake kushonwa, akasema anapitia pia kwa Mfalme kumchukua mwanawe anayenyolewa. Kaka akajitoboa kidole. Alipoisimulia habari hii nyumbani alidai msharasi uliteleza, lakini mimi namjua, msharasi haujawahi kumteleza.

Ndipo wivu ukaanza, na wivu wa mtu asiye na sauti ni mbaya kwa sababu hautoki, unazunguka humo humo ndani. Alianza kwenda mashineni kila jioni kumchukua wifi. Kwa kuwa hakutaka aonekane anachunga, akawa anabeba mahindi ya kusagisha. Kila jioni! Unga ukajaa chumbani kwao, ukaja kwetu, tukawapa majirani, mpaka mume wangu akaniuliza kama kaka ana mpango wa kufungua duka. Wakati mahindi yanasagwa, kaka anakaa kwenye benchi, macho yako ng'ambo, kwenye kioo cha kinyozi.

Siku moja wifi alirudi nyumbani uso umetakata, hana hata chembe ya unga kwenye nyusi. Kaka akamuuliza amenawa wapi. Akasema amenawa kwenye ndoo ya kinyozi, bomba la mashineni limekauka. Basi. Kaka hakula. Alikaa ameshika tama kama mtu aliyefiwa, na wifi akala peke yake, akaosha vyombo, akalala, hakuuliza kitu. Mimi upande wangu wa ukuta nilikuwa nachemka. Nilisema moyoni, ndoo zimekwisha kijiji kizima?

Lakini kilichommaliza kaka kilikuwa tabasamu.

Mazoezi tulifanyia darasani, pazia ni shuka kuukuu, na shuka lina tundu usawa wa jicho la mtu aliyekaa. Mke wa Mfalme husimama kwenye fremu ya mlango, karibu kabisa na pazia. Mfalme yuko mbele, amepiga goti. Kaka alichungulia kwenye tundu akaona kitu, akaja kuniambia tukiwa tunaanua nguo uani, kanishika mkono kwa nguvu.

"Anatabasamu kabla hajaambiwa," alininong'oneza. "Yule hajafungua hata mdomo, yeye keshatabasamu. Kabla, dada."

Nikamwambia aache kutafuta nyoka kwenye nyasi zilizofyekwa. Mazoezi yaliyofuata nikaangalia mwenyewe, na kweli. Kinyozi amepiga goti, amenyamaza, anangoja apewe neno, na wifi uso unaanza kulegea, macho yanainama, mdomo unafunguka taratibu, mwanamke mzima anang'aa kama binti. Ndipo kinyozi anasema. Kaka wa watu yuko nyuma ya shuka, anatoa maneno yake mwenyewe yakamchekeshe mkewe kwa mwanamume mwingine! Roho iliniuma nikataka kuitupa brashi yangu ya rangi.

Sikuweza kunyamaza. Siku nampima wifi rangi nilimwambia naona mfalme mpya anampendeza. Akaniangalia kwenye kioo muda mrefu, akaniambia nipake rangi. Sasa mtu akikujibu hivyo utafikiri nini?

Juma la tamasha, niliingia chumbani kwao kuazima kibatari, nikakuta sanduku la wifi limeshushwa kutoka juu ya kabati. Liko wazi, tupu, limefutwa vumbi. Kaka amekaa kitandani analitazama. Aliniambia kwa ufupi. Kwenye mazoezi amevumilia, ni darasani, wanaoona ni wachache. Lakini wifi akimchekea yule mtu vile mbele ya kijiji kizima, hatarudi ndani ya chumba hiki. Nguo zake atazikuta zimefungwa, aende kwao. Nikamkumbusha kwamba hata yule mfalme wa mchezo mkewe alijifungia mizigo mwenyewe. Hakuona cha kucheka. Nilimjua, alikuwa hatanii, na wifi alikuwa kwenye mashine hana habari, anasaga unga wa watu.

Siku yenyewe ikafika. Uwanja ulijaa mpaka watu wamekaa juu ya magoli. Mume wangu alijitafutia nafasi huko nyuma na karanga zake. Niliwapaka wote rangi, nikambandika kinyozi ndevu, nikamvika wifi taji la bati, nikakaa pembeni ya jukwaa, mahali ninapoona mbele na nyuma. Mbele niliwaona watu. Nyuma nilimwona kaka kwenye kigoda chake alichokuja nacho kutoka kibandani, jicho limo tunduni, kanivalia shati la kumtolea mtu posa. Sikujua alilivaa la nini.

Mchezo ulikwenda vizuri. Kinyozi alimdharau mkewe kwa sauti tamu, wageni wakacheka, wifi akafunga mizigo. Watu walimzomea Mfalme kwa raha zao. Halafu ikaja fremu ya mlango, na wifi akasimama ndani yake, mgongo nusu kwenye pazia. Kinyozi akapiga goti.

"Usirudi!" uwanja ukanguruma.

Kaka akanong'ona neno la kwanza. Kinyozi akalipaaza. La pili, akalipaaza. Kelele zikapungua kidogo, kina mama wa mbele wakaanza kuinamisha shingo. Kaka akatoa la tatu, lile la zamani lililomfanya mama yetu aulize maswali, na kabla kinyozi hajavuta pumzi, wifi akatabasamu. Mbele ya kijiji kizima. Akatabasamu mpaka taji likamcheza kichwani, na nyuma kule wakaona, mtu mmoja akapiga mluzi.

Nilimtazama kaka. Shingo ilikuwa imemvimba. Badala ya neno la nne, akanong'ona kwa hasira yake yote kupitia lile tundu:

"Unamchekea nini huyu?"

Naye kinyozi, Mungu amweke alivyo, akanyoosha mkono, akatamka kwa sauti iliyofika barabarani, "Unamchekea nini huyu?"

Watu wakapigwa na butwaa. Mfalme anauliza mkewe anamchekea nani, na hapo mlangoni hakuna mwingine ila yeye? Kaka akachanganyikiwa.

"Nyamaza, pumbavu," alinong'ona.

"Nyamaza, pumbavu!" alisema Mfalme kwa mkewe.

Uwanja uliangua kicheko. Watu walipigana mabega, wazee walishika mbavu, wakidhani mwaka huu mchezo umeongezwa utamu. Mkunga alikuwa amesimama, mkono kinywani. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa namwangalia wifi. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Ilimjia polepole, niliona inavyomjia: lile swali, zile jioni za mahindi, ile ndoo, na mimi na maneno yangu ya kwenye kioo. Nadhani na sanduku alikuwa amekwisha liona. Akageuka. Akampa kinyozi mgongo, akasimama uso kwa uso na shuka.

"Simchekei yeye," alisema, kwa ile sauti ya kushinda mashine, na kicheko kikakatika huko nyuma. "Nakuchekea wewe. Yeye nakuja kumsikia baadaye, wewe nakusikia kwanza. Sauti imekutoka, sawa, tulishukuru umepona. Lakini toka siku ile ndani ya nyumba hujaniambia lolote ila kuniuliza nimenawa wapi, hata la chumvi umeacha. Nasimama juani na bati kichwani ili nimsikie mume wangu. Nisitabasamu?"

Hakuna aliyepiga kelele. Watu wa mbele walikuwa wameelewa, na wale wa mbele wakawageukia wa nyuma kuwaambia, na habari ikaenda hivyo hivyo safu kwa safu. Kinyozi alibaki na goti chini, anatazama pazia, anangoja neno. Neno halikuja. Nyuma ya shuka kaka alikuwa amesimama, uso umemsawijika, na kigoda kimeanguka. Mtu akapaza sauti, "Sema basi!" Wakaitikia wengi.

Akatoka. Alilishika shuka pembeni akapita, na shati lake lile, na vidole vyeusi vya gundi, akasimama upande wa pili wa fremu, mahali pa mfalme. Kinyozi akasogea kumpisha. Kaka akafungua mdomo mbele ya watu wote wale kwa mara ya kwanza tangu hospitali, na akasema.

Alisema kwa muda. Mimi nilikuwa karibu sana, ningeweza kuirusha brashi ikampata, na sikusikia hata neno. Nilimwona wifi tu. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka taji limegusa fremu, anasikiliza, na machozi yanamharibia rangi yangu yote, wala hakuyapangusa.

"Hatusikii!" walisema wa nyuma. "Mfalme, hatusikii!"

Kinyozi naye, kwa mazoea na kwa moyo mwema alio nao, akavuta pumzi awapaazie watu kile alichokisikia. Wifi akanyoosha mkono bila hata kumtazama, akamziba mdomo kwa kiganja. Akamshikilia hivyo mpaka kaka akamaliza.

Halafu akavua taji, akapita kwenye fremu, wakashuka wote wawili kwa nyuma wakaenda zao nyumbani. Hakuna aliyesema "Rudi", hakuna aliyeulizwa. Watu walikaa kidogo hawajui kama mchezo umekwisha, kisha wakaanza kupiga makofi.

Mimi nilibaki na brashi mkononi, na sikufurahi. Nilipaswa kufurahi, ni kaka yangu, na sanduku litarudi juu ya kabati. Lakini nilikuwa nimeshikwa na wivu wa kuuma meno. Nilimwonea wivu wifi, yule yule niliyemwonea hasira tangu mazoezi, kwa kuwa ameambiwa kitu ambacho kijiji kizima kilikitaka na hakuna aliyekipata ila yeye. Nimeolewa miaka mingi. Kila alichowahi kuniambia mume wangu, ungeweza kukitangaza uwanjani, na hakuna mtu angegeuza shingo.

Akaja hapo hapo, anapukuta maganda ya karanga kifuani. Aliniuliza kaka amesema nini pale mlangoni.

Nikamwambia sikusikia. Nikamwomba aniambie yeye anadhani alisema nini. Alifikiri kidogo, nami nikamngoja, nikamngoja kweli, uso nimeuinua kama wifi.

"Sijui," alisema. "Twende, njaa inaniuma."